Kuvua kwa Burudani: Halali ya Samaki Inaishia Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyewatiishia wanaadamu bahari na maziwa wapate humo riziki na njia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefundisha huruma hata kwa kiumbe asiyeweza kujisemea.



Kila muhula unapokaribia kwisha, jina la Rubavu husikika tena katika vikao vyetu. Ratiba ya safari inajulikana: Ijumaa jioni kuingia Gisenyi, usiku darasa, Jumamosi ufukweni na mpira, Jumapili kurudi. Siku hizi kumeongezeka pendekezo jipya. Tukodi mashua yenye injini, tufunge mishipi nyuma yake, tuzunguke Kivu tukivua kwa kujiburudisha, kama tunavyowaona vijana wa nchi za mbali katika video. Wavuvi wa pwani ya Waswahili wana neno la uvuvi huu: kurambaza, yaani kuburuta mshipi wenye ndoana na chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ili samaki adhani ni kisamaki kinachokimbia, akifuate, akimeze.

Pendekezo hilo huzua majibu mawili ya haraka. Wa kwanza husema: samaki ni halali, hata aliyekufa hahitaji kuchinjwa, sasa tatizo liko wapi? Wa pili husema: huo ni mchezo tu, na Muislamu hana muda wa mchezo. Makala hii haikubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili. La kwanza linasahau uhalali wa samaki umetolewa kwa ajili ya nini. La pili linaharamisha furaha ambayo Mtume (S.A.W.) hakuiharamisha. Kati yake pana swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu: je, Muislamu anaruhusiwa kumtia kiumbe ndoana mdomoni ili tu afurahi?

Ziwa letu na watu wake

Tuanze na ziwa lenyewe. Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 485. Pamoja na kina hicho, samaki hawana nafasi kubwa ya kuishi. Maji ya chini hayana oksijeni. Yamejaa kaboni dioksidi na methani, ile methani ambayo tangu 2016 inazalisha umeme katika mtambo wa KivuWatt kule Karongi. Uhai wote wa samaki umebanwa katika tabaka la juu, lisilozidi mita 70 hivi.

Aina za samaki nazo ni chache ukilinganisha na Tanganyika au Victoria. Zamani hapakuwa na samaki aliyeishi katikati ya ziwa akila vijidudu vinavyoelea humo. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa vilichukuliwa Ziwa Tanganyika vikaletwa Kivu. Aina moja ilishika, ikazaana, ikaenea ziwa zima. Ndiye huyu tunayemwita sambaza. Samaki anayeuzwa leo katika masoko ya Gisenyi na Goma, aliyekaangwa au kuanikwa, anayeliwa na tajiri hotelini na na mama lishe kando ya barabara, hakuwepo hapa siku babu zetu walipozaliwa.

Ukisimama ufukweni jua linapozama utawaona wanaomvua. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu imechomoza mbele na nyuma kama pembe. Wavuvi hupiga makasia huku wakiimba. Giza likiingia huwasha taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri. Vijidudu hufuata mwanga, sambaza hufuata vijidudu, na wavu ulioshushwa chini huinuliwa taratibu. Kazi hiyo hurudiwa mpaka alfajiri. Wakati sisi tunatafuta udhu kwa ajili ya swala ya asubuhi, wao wanarudi na mapato ya usiku, mengi au machache. Watu hawa hawana wikendi.

Nimelianza jambo hili kwa wavuvi wa sambaza kwa sababu yeyote anayeingia Kivu na mshipi wa burudani anaingia mahali ambapo watu wengine wanatafuta chakula. Tutarudi kwao.

Maziwa mawili, nia mbili

Uvuvi tunaouona katika zile video una nyumbani kwake, na historia yake inafanana na ya sambaza kwa namna ya kushangaza. Nyumbani kwake pamojawapo ni Ziwa Michigan huko Marekani, ambalo ukubwa wake unazidi wa Kivu zaidi ya mara 20. Katikati ya karne iliyopita samaki wakubwa wa ziwa hilo, trauti wa ziwa, walikuwa wamekaribia kwisha. Walikuwa wamevuliwa kupita kiasi, na walikuwa wameshambuliwa na mnyama wa majini afananaye na mkunga, anayejibandika kwenye samaki na kumfyonza damu. Wakabaki visamaki wa kigeni, wengi mno kiasi kwamba 1967 walikufa kwa makundi wakarundikana fukweni.

Mwaka 1966 Howard Tanner, aliyekuwa mkuu wa mambo ya samaki katika jimbo la Michigan, alisimamia kuachiwa kwa vifaranga vya samoni wa Bahari ya Pasifiki katika mito inayoingia ziwani. Makusudi yalikuwa mawili: samoni wawale wale visamaki, na watu wapate samaki mkubwa wa kupambana naye kwa ndoana siku za mapumziko. Mpango ulifaulu. Tangu hapo watu huenda huko kila majira, hukodi mashua, hufunga mishipi kadhaa kwa vina tofauti, na kurambaza kutwa nzima wakitafuta samoni na trauti.

Hata Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1905 walowezi wa Kiingereza nchini Kenya walileta trauti kutoka Uskoti wakawatia katika mto wa milima ya Aberdare. Hawakuwa na njaa. Walitaka mchezo waliouzoea kwao.

Basi tuna ziwa lililoletewa samaki ili watu wale, na ziwa lililoletewa samaki ili, pamoja na mambo mengine, watu wacheze. Tendo la nje ni moja: mtu anamwaga vifaranga majini. Nia ni tofauti. Nasi tunajua uzito wa nia katika dini yetu. Imamu Nawawi aliiweka hadithi ya nia iwe ya kwanza katika Arubaini yake.

Lakini tusihukumu kwa pupa. Wengi wa wale wanaorambaza Michigan huwapeleka samaki wao nyumbani, wakawapika, wakala na familia zao. Wamefurahi na wamekula. Je, furaha yao imeharibu halali yao? Na yule aliyewavua akawatazama, akapiga picha, akawarudisha majini, je, huruma yake imemtakasa? Hapo ndipo tunapohitaji dalili.

Samaki alihalalishwa awe nini?

Katika Sura Al-Maida aya ya 96, Allah (S.W.) anatuhalalishia mawindo ya baharini na chakula chake, yawe manufaa kwetu na kwa wasafiri. Asije mtu akasema ziwa si bahari: Sura Fatir aya ya 12 inazitaja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kwamba kutoka katika zote mbili tunakula nyama laini. Kivu limo ndani ya aya hiyo.

Wepesi uliomo katika hukumu hii ni mkubwa. Aliyehirimia Hija haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, lakini mawindo ya majini amehalalishiwa. Samaki hahitaji kisu wala kuelekezwa kibla. Aliyekufa mwenyewe majini analiwa kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi.

Ukitaka kuona wepesi huo ulivyokuja na shida ya watu, kumbuka kisa cha jeshi la Khabat, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) aliongoza watu 300 kuelekea pwani. Masurufu yakaisha mpaka kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku, kisha wakala majani ya miti. Bahari ikawatupia samaki mkubwa mno. Abu Ubayda alisita kwanza kwa kuwa alikuwa mfu, kisha wakala siku nyingi mpaka miili yao ikarejea nguvu. Waliporudi Madina, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kwamba ile ilikuwa riziki waliyotolewa na Allah, akauliza kama imebaki nyama, akaletewa akala.

Katika dalili zote hizi samaki ametajwa kuwa nini? Chakula, nyama laini, masurufu ya msafiri, wokovu wa mwenye njaa. Mwanafunzi wa Kiarabu anaweza kuniambia kwamba neno *mataa'* katika aya ya Al-Maida lina maana ya starehe pia. Ni kweli. Hata hivyo wafasiri wamelieleza hapo kwa kula: aliye mjini anakula kibichi, na msafiri anabeba kilichokaushwa. Starehe ya aya ni starehe ya aliyeshiba.

Sasa tazama upande wa pili, uwindaji usio na haja. Imepokewa kwa Nasai hadithi kuhusu shomoro, kwamba atakayemuua ndege huyo au mkubwa zaidi bila ya haki yake ataulizwa na Allah. Na haki yake ikaelezwa kuwa ni kumchinja na kumla, si kumkata kichwa na kumtupa. Wanazuoni wamezungumzia isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inayokataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengea. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, wakatawanyika walipomwona, naye akawaeleza laana ya Mtume juu ya mwenye kufanya hivyo.

Ibn Hajar al-Asqalani katika Fat-hul Bari amelikusanya jambo hili vizuri. Kuwinda kwa kujifurahisha kumeruhusiwa na wanazuoni walio wengi, kwa sharti kwamba mwindaji akusudie kuchinja na kunufaika na windo lake. Imamu Malik alikuchukia hata hivyo. Asipokusudia kunufaika inakuwa haramu, kwa sababu ni kuangamiza nafsi bure, na huo ni ufisadi katika ardhi.

Hapa majibu yetu mawili ya haraka yanaanguka yote. Furaha peke yake haikuharamisha windo, maadamu windo litaliwa. Na halali ya windo haikumpa mtu ruhusa ya kuangamiza uhai kwa mchezo. Atakayesema kwamba maneno hayo ni ya wanyama wa nchi kavu, ajiulize: kusamehewa kumchinja samaki ni wepesi kwetu sisi, au ni hukumu kwamba maumivu yake si kitu?

Lakini samaki anaumia?

Wapo wasemao kwamba samaki hana hisia, mdomo wake ni mfupa tu, na kule kuruka kwake ni mshtuko usio na uchungu. Kama hayo ni kweli, hoja yangu inapungua nguvu.

Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti walichapisha uchunguzi wao juu ya trauti, samaki huyohuyo wa wavuvi wa burudani. Waligundua kichwani mwake mishipa ya fahamu inayopokea ishara za madhara, kama ile iliyomo katika wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Walipowachoma trauti sumu ya nyuki au asidi midomoni, samaki hao walichelewa kurudi kula kuliko wenzao, na baadhi ya waliochomwa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe. Wataalamu wengine wamepinga, wakisema kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu ambayo kwa binadamu hufanya maumivu yahisiwe. Mjadala huo haujafungwa.

Mwanafunzi wa dini afanye nini mbele ya mjadala usiofungwa? Hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.) inatufundisha kujiepusha na yenye shaka ili kusalimisha dini na heshima. Tuyapime haya mawili. Tukimdhania samaki kuwa anaumia na ikawa haumii, tumepoteza saa mbili za mchezo. Tukimdhania haumii na ikawa anaumia, tumemtesa kiumbe wa Allah kwa kicheko. Hasara hizi mbili hazilingani. Tena Sura Al-An'am aya ya 38 imewaita viumbe hao umma mfano wetu, na haikungoja tuwapime ubongo.

Kuvua na kumwachia

Hapa tunafika penye ugumu wenyewe, kwa sababu pendekezo la ndugu zetu lina nia njema ndani yake. Wanasema: hatutaua. Tutamvua, tutapiga picha, tutamrudisha majini akiwa hai. Samaki wa ziwa hawatapungua. Je, hilo si bora kuliko kuua?

Ukipima kwa hesabu ya samaki peke yake, ni bora. Lakini tazama haja iliyosababisha jeraha. Anayevua ale anaweza kusema mbele ya Mola wake: nilimuumiza kwa sababu Umenihalalishia nyama yake. Anayevua amwachie atasema nini? Windo lake halikuwa nyama. Ilikuwa ni kule kuhangaika kwa samaki mwishoni mwa mshipi, ule mvutano anaousikia mkononi. Ukiondoa kuhangaika kwa samaki, mchezo wote umekwisha. Kwa hiyo maumivu hayakuja njiani kuelekea kwenye manufaa. Yamekuwa ndiyo manufaa yenyewe. Kumwachia baadaye ni kama kumrudishia mtu mkoba uliomnyang'anya ili umtazame anavyolia. Afadhali umerudisha, lakini hakuna aliyekuomba uuchukue.

Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi katazo la kuwachochea wanyama wapigane, na ingawa isnadi yake imezungumzwa, wanazuoni wameitumia maana yake. Katika mchezo huo mnyama huenda asife. Kilichochukiwa ni kuigeuza shida yake kuwa tamasha.

Wala usidhani huu ni ukali wa watu wa dini tu. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama inataka pawepo sababu ya maana kabla ya kumuumiza mnyama mwenye uti wa mgongo, na kuvua kwa kusudi la kuachia tu huhesabiwa kuwa hakuna sababu hiyo. Uswisi nayo inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kuwaachia samaki. Watu wasiosoma vitabu vyetu vya fikihi wamefika jirani kabisa na maneno ya Ibn Hajar.

Tofautisha hali hii na ya mvuvi wa kitoweo aliyenasa samaki mchanga akamrudisha akue. Huyo alitoka kutafuta chakula, na kumwachia mdogo ni katika ihsani na ni kulinda kesho ya ziwa. Nia yake ya asili ilikuwa safi na kuachia kwake kumeizidisha.

Furaha si adui

Ningeishia hapo, ningekuwa nimewapa silaha wale wa jibu la pili. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akiwatazama. Handhala (r.a.) alipolalamika kwamba moyo wake hubadilika akirudi kwa familia na shughuli za dunia, Mtume alimfundisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Mwanafunzi aliyekaa na vitabu wiki kumi na tano ana haki ya kuona maji na milima.

Ziwa linampa haki hiyo bila ya ndoana. Kuogelea panaporuhusiwa ni furaha. Kukaa mashuani kutazama Nyiragongo ikipumua moshi upande wa Congo ni furaha na ni tafakuri, hasa kwa sisi tunaokumbuka Mei 2021, lava iliposhuka kuelekea Goma na ardhi ya Rubavu ikatetemeka siku kadhaa. Anayetaka kuvua naye hakunyimwa. Akae ufukweni na mshipi wake panaporuhusiwa, anase tilapia au kambare, amuue upesi bila ya kumwacha agaegae kwa saa nzima, ampike, ale na wenzake. Akifurahia kungoja, akifurahia mvuto wa mshipi, akifurahia mchuzi, furaha yake haina kosa. Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) katika Sahih Muslim inatufundisha kwamba Allah ameuandika wema katika kila kitu, mpaka katika kuua na kuchinja.

Jumamosi ya watu wa pwani

Limebaki jambo la wavuvi wetu wa usiku. Katika Qur'ani kimo kisa cha uvuvi wa siku ya mapumziko, na hakikwisha vizuri. Sura Al-A'raf, kuanzia aya ya 163, inataja mji uliokuwa kando ya bahari. Wakazi wake walikatazwa kuvua Jumamosi. Wakajaribiwa: Jumamosi samaki walikuja juu ya maji waziwazi, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wanaeleza kwamba walifanya hila, wakatega mitego wakati mmoja na kukusanya samaki wakati mwingine, ili waweze kusema kwamba Jumamosi hawakuvua.

Samaki wale walikuwa halali kwa nyama. Kosa lilikuwa katika wakati, na katika moyo uliodhani kwamba jina la halali linafunika kila kitu.

Kivu nalo lina wakati wake. Serikali ya Rwanda hufunga uvuvi kila mwaka kwa kipindi, kwa kawaida miezi kama miwili, ili sambaza wazae na kukua. Hukataza pia nyavu zenye matundu madogo mno, vikiwemo vyandarua vya mbu, zinazozoa mpaka vifaranga. Katika kipindi hicho mvuvi wa Rubavu hukaa nchi kavu, na watoto wake wanakula kwa shida. Anavumilia kwa sababu ziwa ni la wote na kesho ipo. Mpaka wa nchi mbili umepita katikati ya maji, lakini samaki hana kitambulisho. Anayeharibu upande mmoja amewaharibia wa pande zote mbili. Kanuni ya fikihi isemayo kusiwe na kudhuru wala kudhuriana inatosha hapa, na kumtii mwenye mamlaka katika jambo la maslahi ya watu ni wajibu wetu.

Basi ingekuwa aibu gani, mvuvi masikini amefunga wavu wake kwa ajili ya ziwa, halafu wanafunzi wa chuo kikuu wamlipe mtu wa mashua kwa siri awazungushe na mishipi kwa sababu sisi ni wageni wa siku mbili? Na ingekuwa aibu vilevile kununua kichinichini samaki waliovuliwa katika miezi hiyo, kisha tukaseme kwamba sisi hatukuvua. Hiyo ndiyo hila ya Jumamosi yenyewe.

Katika kisa kile watu walikuwa makundi matatu: waliovunja, waliokataza, na waliowauliza wakatazaji kwa nini wanajisumbua. Aya inataja kuokolewa kwa waliokataza na kuadhibiwa kwa waliodhulumu. Wafasiri wametofautiana kuhusu wale walionyamaza. Nani kati yetu angependa hatima yake iwe suala la kutofautiana wafasiri?

Tufanye nini?

Rai yangu, nayo ni rai ya mwanafunzi inayoweza kusahihishwa na wanaojua zaidi, ni hii. Tusikodi mashua ya kurambaza ili tuvue na kuachia. Anayetaka kuvua, avue cha kula, kwa chombo kinachoruhusiwa, katika miezi iliyo wazi. Na katika ratiba ya safari ijayo tuweke jambo jingine: tuwaombe wavuvi wa sambaza, kwa malipo ya haki, watuchukue jioni moja. Tupige nao makasia, tuwasikilize wakiimba, tuone wavu unavyoinuliwa, tununue kwao tulichokiona kikitoka majini, tukikaange, tukile kwa bismillah.

Huko tutapata maji, usiku, taa, jasho na kitoweo. Tutajifunza pia bei halisi ya sahani ya sambaza, jambo ambalo mshipi wa mgeni hautufundishi. Sura Al-Kahf imetutajia masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambao chombo chao kilistahili kulindwa hata kwa kutobolewa na mja mwema. Wenye kazi kama hiyo tunao hapa, kila jioni, mbele ya macho yetu.

Ewe Mola wetu, tujaalie riziki ya halali tuipate kwa njia ya halali, na furaha ambayo hakuna kiumbe Chako kitakachoishitaki siku ya hisabu. Amin.

Wallahu a'lam.